Nilivyomaliza vibali vya kiwanda changu kidogo cha sabuni

Jamani vibali vilinitoa jasho miezi saba, naandika hapa ili mwenzangu asizungushwe nilivyozungushwa mimi. Natengeneza sabuni ya maji, tuko watu watatu tu, nilidhani ukishasajili jina la biashara na kupata namba ya mlipakodi basi umemaliza, kumbe ndo unaanza. Leseni wanataka mkataba wa pango, mwenye nyumba hasaini mpaka aone leseni, watu wa ubora hawapokei sampuli kama eneo halijakaguliwa, na wakaguzi nao hawaji mpaka uwe na leseni, yaani kila ukirudi kuna karatasi nyingine ambayo jana hukuambiwa.

Kilichonitoa ni daftari. Nilikaa usiku mmoja nikaandika kila kibali na chini yake kinadai nini kabla hakijatoka, ndo nikaona fundo liko kwenye pango tu, hapo kwingine kote ni matokeo. Nikamwomba mwenye nyumba tusaini mkataba wenye kifungu kwamba leseni isipotoka ndani ya miezi mitatu unavunjika wenyewe na hatudaiani, akakubali, na vingine vikaanza kufunguka.

Halafu niliacha kupokea majibu ya mdomo. Ofisa akisema kuna kitu kimepungua namwomba kwa heshima aniandikie, aweke tarehe na saini. Zile "njoo wiki ijayo" zilipungua sana, na vishoka wa pale getini wakaacha kunifuata.

Kinachoniuma mpaka leo ni ada ya kupima sampuli. Anayetoa ndoo elfu kwa siku analipa sawa na mimi wa ndoo kumi, yeye anaigawa kwenye mzigo wote wala haisikii, mimi inanikata mtaji. Na si ada tu, muda nao unaumiza: mwaka 1983 kule Lima, Peru, watafiti wa mchumi wa huko, Hernando de Soto, walijaribu kusajili karakana ndogo ya kushona nguo kwa kufuata taratibu zote, ikawachukua siku 289! Sasa fundi gani anaweza kukaa siku zote hizo haingizi kitu? Wenzangu wengi wanafanya kimyakimya bila usajili na siwalaumu, ingawa mkopo wa benki hawapati wala tenda hawaombi.

Sasa hivi nahangaikia kuhuisha leseni, maombi nimepeleka mapema na nakala yenye mhuri wa mapokezi ninayo kwenye lile daftari.