Usiku nilioona jani la mpunga linavyolimwaga jua

Mi nimezaliwa bonde la Kilombero, kwetu mpunga ndo ada, ndo bati la nyumba, ndo kila kitu, kwaiyo nilipopata nafasi ya kwenda kusoma masters Uingereza afu naambiwa nitafanya utafiti wa mpunga nilishangaa sana, mpunga na ile baridi wapi na wapi. Kampasi inaitwa Sutton Bonington, ni ya Chuo Kikuu cha Nottingham, iko mashambani kabisa, na mwezi wa pili asubuhi nyasi zote nyeupe kwa barafu. Ila ukifungua mlango wa grinhausi, joto lote usoni, taa kubwa zinawaka juu na mpunga umesimama kwenye ndoo zenye maji na tope, unanukia vilevile kama wa nyumbani.

Kazi niliyopewa ilihusu jeni moja inaitwa PsbS. Shuleni wengi tulielewa kwamba mmea unajitengenezea chakula kwa jua, basi jua likizidi na chakula kinazidi. Mpaka kiwango fulani kweli, ila jua la saa sita lile la utosini, jani la juu linapokea mwanga mwingi kuliko linaoweza kutumia, na ile ziada isipotolewa inazalisha oksijeni ya aina kali ambayo inaharibu mitambo ya usanisinuru mle ndani ya kloroplasti, vile vichembe vya kijani ndani ya seli za jani. Sasa mwanga ukizidi, kuna sehemu ndani ya kloroplasti asidi yake inapanda, protini inayotokana na PsbS inaihisi hiyo asidi, na jani linaanza kumwaga nishati ya ziada kwa njia ya joto. Yote hayo ndani ya dakika chache tu! Na kloroplasti ina DNA yake yenyewe, ila jeni hii haimo humo, iko kwenye kiini cha seli, protini inatengenezwa nje ya kloroplasti ndo inaingizwa ndani kwenda kufanya kazi. Hilo lilinikosesha usingizi kwa raha kabisa, kwamba kiini kiko kule na kinasimamia kinachotokea huku. Kazi ya PsbS ilijulikana mwaka 2000 kupitia kimmea kidogo kinaitwa Arabidopsis, baadae ikaonekana mpunga nao unaitegemea.

Jioni ninayoisimulia tulikuwa na miche ya aina mbili, ya kawaida na ile ambayo jeni ya PsbS imezimwa. Kwa macho huwezi kutofautisha, niliinama nikaangalia jani kwa jani, kijani kilekile, urefu uleule, hata ukipitisha kidole ukwaruzo ni uleule. Unabana klipu ndogo ya plastiki kwenye jani, ina kidirisha unakifunga ili hapo pawe giza, unasubiri kama nusu saa jani lipumzike, afu unachomeka waya wa mashine unafungua kidirisha na mashine inapiga mwanga mkali. Klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, ikipigwa mwanga inarudisha mwanga kidogo mwekundu ambao jicho halioni ila mashine inaona, na jani likianza kumwaga joto ule wekundu unashuka. Kwaiyo ukifuatilia wekundu unajua jani linajikinga au halijikingi.

Nikaanza na mche wa kawaida. Kabla ya taa kuwaka namba ya mashine ilikuwa karibu 0.8, maana yake jani zima, halina madhara. Taa ikawaka, mstari wa ule wekundu kwenye kompyuta ukapanda kidogo afu ukashuka, unashuka unaona kabisa, dakika ya kwanza haijaisha. Nikahamia kwenye ule uliozimwa jeni. Namba ileile karibu 0.8, taa ikawaka, mstari ukapanda... ukabaki kulekule juu, unajivuta kushuka taratibu sana kama hautaki. Nikabadilisha jani, vilevile. Nikachukua ndoo nyingine, vilevile. Majani mawili yanafanana kama mapacha na moja linalichukua jua lote halina pa kulipeleka. Nilikuwa peke yangu mle ndani nikasema kwa sauti "aisee!"

Nikampigia mjomba WhatsApp, kwao ilikuwa saa tatu usiku. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu, vipi huko, bado mnaganda?" Nikamweleza vile nilivyoweza, nikamuonyesha na ndoo kwenye video. Akasikiliza akasema kwani hiyo si ndo ile mchana majani yanajikunja? Nikamwambia hapana mjomba, kujikunja ni maji yamepungua, hii inafanyika hata jani likiwa limenyooka na jaruba limejaa. Akakaa kimya kidogo afu akauliza, "Na wingu likipita, hilo jani linajua papo hapo kwamba jua limeondoka?"

Jamani. Mkulima wa darasa la saba kauliza swali ambalo watu wanalitolea jasho maabara. Jibu ni hapana, halijui papo hapo. Wingu likifunika, au jani la jirani likilitia kivuli, jani linaendelea kumwaga joto kwa muda wakati sasa mwanga ni mchache na linauhitaji wote, na hapo mavuno yanapotea. Nikamwambia mwaka 2016 kuna watafiti Marekani waliongeza PsbS pamoja na jeni nyingine mbili kwenye tumbaku, jani likawa linaacha kujikinga haraka kivuli kikija, na tumbaku shambani ikawa kubwa zaidi kwa kama 15%. Na kwenye mpunga wenyewe, mwaka 2018 ilichapishwa kazi iliyotoka hapohapo Nottingham kwamba mpunga ulioongezewa PsbS unaweza kuzaa zaidi. Ila nikamwambia pia kwamba ukiiongeza peke yake kuna gharama yake, kivulini jani linaweza kupoteza, ndo maana wale wa tumbaku waliongeza na hizo nyingine za kulirudisha haraka.

"Sasa nyie mnapima kwa taa isiyozimika," akasema, "huku mwezi wa tatu jua linatoka na kuingia kutwa nzima. Mpime na hivyo."

Kesho yake nikaenda kwa msimamizi wangu na swali la mjomba nimeliandika kwenye daftari, na kuanzia wiki iliyofuata tukapanga taa ziwe zinawaka na kuzima kwa zamu, dakika chache mwanga, dakika chache kivuli, kutwa nzima.