Nilivyotoa faili za kikundi kwenye laptopu iliyokataa kufunguka

Hapa Kisumu, kuanzia Oginga Odinga Street hadi Kondele, fundi wa kompyuta hatafutwi kwa tochi. Lakini ukimpelekea laptopu isiyofunguka, mara nyingi jibu ni lile lile: tuweke Windows upya. Kwa mashine hiyo ni dawa. Kwa faili zilizomo ndani inaweza kuwa msiba, maana diski ikishasafishwa na kuandikwa juu yake, kilichokuwepo huenda kisipatikane tena. Kwa hiyo shangazi yangu, ambaye ni katibu wa kikundi cha akina mama, aliponipigia simu akiwa bado dukani, nilimsihi asiruhusu chochote kifanywe. Aje nayo ilivyo.

Betri ya laptopu hiyo ilikufa kitambo, na stima ikipotea nayo huzimika papo hapo. Safari hii iligoma: nembo ya Windows inatokea, vidoti vinazunguka, inajizima na kuanza tena. Ndani mlikuwa na orodha ya michango na katiba ya kikundi iliyorekebishwa. Wanachama walikuwa wanavutana kuhusu kiasi anachopewa mwenzao akifiwa, na maneno waliyokubaliana hayakuwa yameandikwa kwingine kokote.

Windows kukataa kufunguka si sawa na diski kufa. Niliwasha laptopu kwa flashi yenye Ubuntu, aina ya Linux inayoweza kuendesha kompyuta bila Windows, nikachagua kuijaribu bila kuisakinisha, kisha nikafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na kuandika:

lsblk -f

Amri hii huonyesha kila diski, sehemu zake, na mfumo wa faili wa kila sehemu. Nilitambua diski ya laptopu kwa ukubwa wake: sda1 ilikuwa vfat, ile ndogo ya kuwashia mashine, na sda3 ilikuwa ntfs, kubwa kuliko zote. Hiyo ndiyo C: ya Windows. Kama ungeona BitLocker, kufuli la diski la Windows, badala ya ntfs, simama hapo umtafute mwenye mashine, kwa sababu diski imefungwa na utahitaji nenosiri lake au ufunguo wa akiba wa tarakimu 48. Yetu haikuwa imefungwa.

Kisha nikaipachika, yaani nikaiunganisha na folda ili isomeke (sudo huipa amri mamlaka ya msimamizi):

sudo mkdir /mnt/diski
sudo mount -o ro /dev/sda3 /mnt/diski

Herufi mbili hizo, ro, ndizo ninazozisisitiza kwa kila mtu. Maana yake ni kusoma tu: hakuna faili itakayobadilishwa kupitia folda hiyo hata ukikosea amri baadaye. Tena zina faida nyingine. Windows ya siku hizi, ukiizima, mara nyingi haizimiki kabisa. Huhifadhi hali yake kwenye faili iitwayo hiberfil.sys ili iwake haraka kesho yake, na mfumo wa faili unabaki kama mlango ulioachwa wazi. Linux ikiona hivyo, au ikikuta alama kwamba Windows haikuzimwa vizuri, hukataa kuandika humo. Utakutana na ushauri wa kuilazimisha kwa kuifuta hiberfil.sys. Kwa kazi ya uokoaji sikubaliani nao hata kidogo. Tunataka kusoma, na kwa kusoma tu diski ilikubali bila kelele. Nilipitia pia sudo dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo wenyewe, kuangalia kama kuna makosa ya kusoma. Yangekuwepo, ningeacha yote na kutengeneza kwanza nakala ya diski nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski yenye hitilafu, halafu nitafute ndani ya nakala hiyo.

Sasa kutafuta. Wengi huanza kwa jina la faili, na hapo ndipo hukwama.

“Shangazi, uliipa jina gani?”

“Jina silijui, mwanangu. Mimi hubonyeza kuhifadhi tu. Lakini tuliziandika zote mbili wiki ya Pasaka, mwaka ule wa 2023, kabla wageni hawajaingia kutoka Nairobi.”

Jibu hilo lilinitosha kuliko jina. Pasaka ya 2023 iliangukia tarehe 9 Aprili, na amri ya find inajua kusoma tarehe:

find /mnt/diski -type f -iname '*.xls*' -newermt 2023-04-02 ! -newermt 2023-04-17 2>/dev/null

Yaani, nipe faili zenye xls mwishoni mwa jina, zilizobadilishwa mara ya mwisho kati ya siku hizo mbili. Zile alama za kunukuu usiziache, la sivyo terminali yenyewe huenda ikaitafsiri nyota kabla find haijaiona. Tarehe nilizipanua kidogo makusudi: Ubuntu ya kwenye flashi kwa kawaida hutumia UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na faili ya usiku inaweza kuangukia siku nyingine. Tena nilianzia juu kabisa ya diski badala ya folda ya Users, kwa kuwa watu huhifadhi popote. Ndivyo ilivyokuwa: orodha ya michango ilikuwa kwenye folda iliyotengenezwa moja kwa moja ndani ya C:, ikiitwa Book1.

Katiba haikutokea. Shangazi alikumbuka kwamba aliwahi kuifungua tena baadaye kusahihisha jina la mwanachama, na ukihifadhi upya, tarehe inahama. Ikabidi nitafute kwa maneno yaliyomo. Hapa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili, peke yake haisaidii, kwa sababu faili ya docx ni furushi la zip. Maandishi yake yamebanwa ndani katika word/document.xml. Kwa hiyo kila furushi lifunguliwe kwanza:

find /mnt/diski -type f -iname '*.docx' ! -name '~$*' -exec sh -c 'unzip -p "$1" word/document.xml 2>/dev/null | grep -qi mazishi && echo "$1"' _ {} \;

Sehemu ya ~$ inaondoa vile vifaili vidogo ambavyo Word huacha inapokuwa imefungua hati. Tafuta neno moja fupi, si sentensi, kwani Word inaweza kuikata sentensi vipande na kuweka alama zake katikati. Nilichagua “mazishi” kwa sababu ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya mazishi. Zilitokea barua kadhaa za rambirambi, na katikati yake, katiba.

Nilichomeka flashi ya pili, nikaipachika kwenye /mnt/flashi, hii ikiwa ya kuandikwa, nikanakili hati zote za kikundi kwa cp --parents --preserve=timestamps ili folda na tarehe zake zibaki zilivyokuwa. Flashi ilikuwa ya FAT32, isiyopokea faili moja inayofika GB 4, kwa hiyo video ya harambee ilisubiri diski ya nje.

Usichomoe flashi kwa kuona tu kwamba amri imekwisha. Andika kwanza sudo umount /mnt/flashi, na uisubiri imalize, maana huenda data bado iko kwenye kumbukumbu ya mashine, na ukichomoa mapema unabaki na faili nusu. Ikisema target is busy, mara nyingi ni terminali yako yenyewe iliyosimama ndani ya folda hiyo. Andika cd, kisha rudia. Ikigoma bado, sudo fuser -vm /mnt/flashi itakuonyesha programu inayoishikilia.

Tulizifungua zote mbili kwenye kompyuta yangu. Shangazi alisoma kifungu cha mazishi kwa sauti, akalinganisha michango michache na daftari lake la risiti, akaridhika. Kesho yake laptopu ikarudi kwa fundi kuwekewa Windows upya na betri mpya.