Mjomba, kiwanja cha Songwe kisubiri kwanza

Niliondoka Mbeya kwa basi, kabla uwanja wa Songwe haujaanza kazi Desemba 2012. Wakati huo ukitaja uwanja wa ndege, mtu alielewa ule wa zamani, pale mjini, nyumba zimeubana. Safari hii nimeshukia Songwe, mjomba akanipokea, na hata Mbalizi hatujafika akaanza: "Mjomba, kuna kiwanja jirani na uwanja. Bei inapanda kila mwezi. Lete hela."

Hela ninayo kidogo. Shida ni kwamba Uingereza nilipanga chumba Hounslow, magurudumu ya ndege za Heathrow, uwanja mkubwa wa London, yakipita juu ya paa. Kule wamebishana kwa miongo kadhaa kuhusu njia ya tatu ya kurukia. Wakazi wa vijiji jirani vya Harmondsworth na Sipson wamezeeka wakiwa hawajui kama nyumba zao zitabaki au zitabomolewa. Uwanja ulikua, mji nao ukakua ukaukumbatia, na sasa kila mita ya ardhi ni kesi.

Songwe bado una nafasi, ndiyo maana nasema tusiichezee. Uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo ndege hukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Wahandisi huongeza takribani asilimia 7 ya urefu wa njia kwa kila mita 300 za mwinuko. Njia ya Songwe ina mita 3,330. Siku ikitakiwa kurefushwa, au njia ya pili ikihitajika, ardhi itatoka wapi kama sote tumeshamwaga zege?

Na si kurefusha tu. Kwenye uelekeo wa ndege zinazotua kwa kuongozwa na mitambo, kimo cha majengo na miti kina kikomo: ukiondoka mwisho wa njia, kila mita 50 zinakuruhusu kupanda mita 1 tu. Ghorofa la mtu mmoja linaweza kuvuruga utuaji wa ndege zote. Halafu kuna mizigo. Parachichi za Rungwe na Njombe zinashuka bandarini kwa lori. Tukitaka baadhi zipande ndege hapa, vyumba vya baridi na maegesho ya malori vitengewe eneo leo, hata vikijengwa baada ya miaka ishirini.

Barabara ya njia nne ya kuelekea uwanjani, Nsalaga hadi Ifisi, itawasogeza watu huko haraka kuliko mpango wowote wa karatasi. (Mama mdogo tayari anaota duka la vifaa vya ujenzi.)

Mjomba akacheka: "Hapa siyo Ulaya. Ardhi tunayo."

Hata ule wa mjini ulikuwa na ardhi, nikamjibu. Jumatatu naenda ofisi ya ardhi kuona mchoro: mpaka wa uwanja uko wapi na eneo la upanuzi linaishia wapi. Kabla ya hapo sitoi shilingi. Kanuna, anadai muuzaji ana mteja mwingine kutoka Tunduma.