Nilivyoinusuru orodha yangu ya makala za presha ya ujauzito baada ya kushauriwa ujinga

Wale mnaoambiwa "toa makala nyingi nyingi upande cheo haraka", kaeni hapa mnisikilize, maana mimi huko nilienda na nikarudi peku.

Mimi ni daktari wa wanawake na uzazi, utafiti wangu ni matatizo ya ujauzito, hasa presha na kifafa cha mimba. Nilikuwa na mafaili ya akina mama kama mia nne hivi, nimeyapitia mwenyewe moja moja usiku baada ya zamu, macho mekundu. Mkubwa wangu mmoja kazini akaniambia dokta, data yote hiyo unaimaliza kwenye makala moja, wewe mtoto nini? Kata vipande vitano, kimoja umri wa mama, kimoja protini kwenye mkojo, kimoja uzito wa mtoto, na kuendelea. Nikaona mzee kaongea pointi.

Basi nikatuma mbili za kwanza kwa majarida mawili tofauti, natembea kifua mbele kabisa. Kumbe bwana, majarida yote mawili yamempelekea mhakiki yuleyule, yaani mtaalamu wa kuipitia makala kabla haijachapishwa! Barua ikaja: jedwali la kwanza la makala hii nimelisoma wiki iliyopita kwenye makala nyingine, hadi kosa la kujumlisha liko palepale. Kweli, kundi moja 212, jingine 187, na mimi nimeandika jumla 389. Yaani hata kuiba nimejiibia vibaya. Nilitoka kijasho chembamba, nikaziondoa zote mbili na kumwandikia mhariri kumwomba radhi.

Ila huyo mhakiki alinisaidia kuliko mkubwa wangu. Aliniuliza, hawa wenye presha ya 140/90 kabla ya wiki ya 20 ya mimba wanafanya nini humu? Hao walikuja na presha yao kabla ya mimba, si presha iliyoletwa na mimba. Nikarudi kwenye mafaili. Hapo ndipo nikagundua kuna mama kapimwa mara moja tu, kapanda ngazi, anahema, ikaandikwa 142/90 na mimi nikamhesabu mgonjwa, wakati inatakiwa ipimwe tena baada ya saa nne au zaidi. Nikawatoa. Wengine walianza kliniki wiki ya 26 huko, presha yao ya mwanzo haijulikani, hao nikawawekea kundi lao na nikasema wazi kwenye makala.

Sasa ujanja ninaojivunia: wale ambao ugonjwa wao haukuandikwa kwenye mafaili niliwapata kwenye daftari la dawa la wakunga. Anayechomwa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, wodi ya wazazi mara nyingi ana presha kali au kashapata degedege, kwa hiyo nikafuata majina ya waliochomwa, sio mafaili. Nikaibua akina mama kumi na kitu ambao faili limeandikwa tu "kajifungua salama". Wakunga wanajua kila kitu, waulizeni.

Halafu fikirieni, ule utafiti wa Magpie wa 2002 uliothibitisha kwamba dawa hiyohiyo inapunguza kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu ulikuwa na wanawake zaidi ya 10,000 kutoka nchi 33, na matokeo yake makuu yalitoka kwenye makala moja. Mimi na mia nne zangu nataka tano!

Kuhusu jina, jisajilini ORCID, mfumo wa kumtambulisha kila mtafiti, mpewe ile namba ya tarakimu 16 na muitumie jarida lolote mnalotuma. Mimi nilichelewa, makala zangu zikachanganywa na za mtu mwenye herufi za jina kama zangu anayeandika magonjwa ya ng'ombe, kwa hiyo kwa miezi kadhaa nilikuwa bingwa wa uvimbe wa kiwele, na kuna mtu alinipongeza kwa dhati.

Ada ya kuchapisha ilikuwa kama mshahara wa miezi miwili mitatu, nikaandika kuomba wanipunguzie, wakakata nusu. Ombeni, msione haya. Na zile imeili za majarida ya kitapeli za "mheshimiwa profesa, leta makala tuitoe ndani ya siku tatu" zifuteni bila kufungua.

Makala ikatoka, moja, nene, jumla zimejumlishwa na mashine. Yule mkubwa wangu alipoiona akanipigia simu jioni hiyohiyo, anauliza mbona jina lake halimo.