Rafu ya viatu kwa bomba la maji taka: wiki ya tatu

Kwetu Tanga viatu huvuliwa kibarazani, na kwa kuwa tuko sita, kila magharibi mlango huzibwa na lundo la raba, kandambili na viatu vya shule. Fundi alipomaliza shimo jipya la choo lilibaki bomba zima la inchi 6, lenye urefu wa mita 6, ambalo nilikwisha kulilipia. Ni lile jepesi la maji taka, ambalo huwa na bei nafuu kuliko yale mazito yanayostahimili msukumo wa maji.

Wiki ya kwanza nilikata vipande 18 vya sentimita 32, kwa sababu kiatu changu cha namba 43 kina takriban sentimita 30. Kipande cha kwanza nilikikata kwa kukadiria kwa macho, kikatoka upande. Nilipokisimamisha sakafuni kikayumba, na kwa kuwa bomba lisingetosha kipande kingine, nilikisugua kwa msasa hadi kikabaki sentimita 31. Baada ya hapo nilizungushia bomba karatasi ya kalenda ya mwaka jana, kingo zake zikakutana sawasawa, nikachora mstari kando yake na kukata kwa msumeno wa chuma huku nikiligeuza bomba kidogo kidogo. Vumbi lake ni jingi na halifai kuvutwa puani, kwa hiyo nilivaa barakoa.

Wiki ya pili ilikuwa ya gundi, na gundi ikaniangusha. Nilivipanga vipande 4, 3, 4, 3, 4, kila cha juu kikilalia bonde la viwili vya chini, hivyo kimo kikawa takriban sentimita 71 badala ya 80 za safu tano zilizopangwa wima, kila moja ikiwa na unene wa sentimita 16 kwa nje. Tatizo ni kwamba vya pembeni katika safu ya tatu na ya tano vinaegemea kimoja tu, na usiku viwili vikabanduka na kuanguka kwa kishindo kilichoamsha nyumba nzima. Gundi ya mabomba imetengenezwa kushika bomba lililoingia ndani ya kiungo, likabanwa pande zote. Hapa miviringo miwili inagusana kwenye mstari mwembamba kama uzi. Nimetoboa na kutia bolti fupi za milimita 6 zenye washa, mbili kila mgusano, na sasa rafu nzima hunyanyuliwa bila kulegea.

Viatu vya watoto huingia jozi moja kila tundu. Vyangu haviingii kwa kulazwa sambamba. Lazima visimamishwe ubavu, kisigino cha kimoja kikielekea ncha ya kingine, na hata hivyo hubana, kwa hiyo nimejitwalia matundu mawili. Rafu nimeihamishia upande wa kibaraza usiopigwa na jua la alasiri, maana plastiki hii hupauka na kuwa dhaifu juani. Buti za mpira za shambani hazikupata tundu, zinakaa juu.