F-5 ilichorwa na watu waliomkumbuka fundi

Kazi yangu ni bodi za ndege. Pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, nashinda kwenye hanga na mabati ya alumini, drili na riveti, mara nyingi nimelala chini ya Cessna Caravan iliyorudi kutoka Mara huku changarawe za uwanja zimeichubua tumbo. Kwa hiyo nikitazama ndege ya kivita, macho yangu hayaanzii kwenye makombora. Yanaanzia kwenye paneli. Nani atazifungua? Kwa kifaa gani? Atasimama wapi akifanya hivyo?

Ndiyo maana naipenda F-5, ndege ya kivita ya jeshi letu la anga hapa Kenya. Sherehe za kitaifa zikifanyika Uhuru Gardens, majirani zetu kabisa hapa barabara ya Lang'ata, zile ndege hutupitia juu siku za mazoezi na hanga nzima hutoka nje. Safari moja kijana tunayemfundisha kazi aliniuliza, "Mzee, si hizi ni za zamani sana? Kwa nini tusinunue za kisasa?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu kulikuwa na kazi, lakini swali lake linastahili jibu refu.

F-5 ni ya kampuni ya Northrop ya California. Miaka ya 1950 ndege za kivita za Marekani zilikuwa zinanenepa kila mwaka, na bei zikipanda nazo. Wahandisi wa Northrop, akiwemo Edgar Schmued aliyekuwa ameshachora P-51 Mustang ya Vita vya Pili vya Dunia, wakaamua kwenda upande mwingine. Walikuta injini ndogo ya General Electric, J85, iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya kombora la kuhadaa rada ambalo ndege ya mabomu ya B-52 ingelibeba na kuliachilia. Injini ya kitu cha kutupwa! Wakachukua mbili, wakazizungushia ndege nyepesi. Wazo lao la mwanzo lilikuwa ndege itakayotosha kwenye meli ndogo za kubebea ndege, lakini jeshi la wanamaji likaziondoa meli hizo kazini. Northrop hawakuitupa michoro. Mfano wa kwanza uliruka Julai 1959, na ile F-5E tuliyonunua sisi iliruka mara ya kwanza Agosti 1972.

Sasa njoo kwenye sehemu inayonigusa mimi. Kutoa injini ya F-5, mafundi hufungua sehemu ya nyuma ya mwili wa ndege, wanaivuta nyuma kwa toroli lake, na injini zote mbili zinabaki wazi mbele yao, mabomba na nyaya zote zikionekana. Mtu anasimama chini kwa miguu yake, au juu ya ngazi fupi, na anafikia. Ndege yenyewe ina urefu wa mita 14 na nusu hivi na mabawa mafupi, mita 8 hivi kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo hakuna kona ya kutambalia kwa matumbo. Aliyewahi kubadilisha balbu ya gari ambalo lazima kwanza ung'oe bampa anajua ninasema nini. Mchoraji wa F-5 alikaa akawaza mikono ya mtu atakayekuja kufanya kazi miaka ishirini baadaye, katika nchi ambayo yeye mwenyewe huenda hataifika.

Na nchi hizo zilikuwa nyingi: Ethiopia, Tunisia, Moroko, Iran, Brazili, Uswisi, Taiwan. Kenya ilizipokea mwishoni mwa miaka ya 1970, zikakaa kwenye kambi ya jeshi la anga ya Nanyuki, na baadaye tukaongeza zilizotumika kutoka Jordan. Katika vita vya Ogaden vya 1977 F-5 za Ethiopia ziliziangusha MiG-21 za Somalia.

Sijifanyi kwamba hiki ni chombo cha kuburudisha watu kwenye sherehe. Mwaka 2011 F-5 zetu zilipiga mabomu Somalia. Na tarehe 1 Agosti 1982, waasi waliojaribu kuipindua serikali waliwalazimisha marubani kwa mtutu wa bunduki wapae kutoka Nanyuki waje kupiga Nairobi; marubani wale wakaenda kuyamwaga mabomu kwenye msitu wa Mlima Kenya. Nairobi hii tunayoishi inawadai shukrani ambayo sidhani imewahi kulipwa ipasavyo.

Northrop yenyewe ilibadilika. Ilijaribu kuiendeleza F-5 kwa ndege iitwayo F-20 Tigershark, ikatumia zaidi ya dola bilioni moja za mfukoni mwake, na hakuna nchi iliyonunua hata moja. Mradi ukafungwa 1986. Kisha ikaja B-2, ndege ya mabomu, lile bawa jeusi lisilo na mkia, lililoruka 1989. Zilijengwa 21 tu, na ukijumlisha gharama za utafiti kila moja ilizidi dola bilioni mbili. Mwaka 1994 kampuni ikainunua Grumman, waliotengeneza ndege ya kivita F-14 na chombo kilichowatua watu mwezini. 2001 ikachukua viwanda vya meli vya Pascagoula na Newport News, ikawa inajenga hata nyambizi za nyuklia na meli za kubebea ndege, hadi 2011 ilipoutenga upande wa meli ukawa kampuni peke yake, Huntington Ingalls. Navutiwa na B-2 kama fundi yeyote. Lakini ngozi yake inahitaji hanga yenye hewa iliyodhibitiwa joto na unyevu, na hapo mimi na riveti zangu hatuna nafasi.

Kijana wangu, jibu ndilo hili. Jeshi la wanamaji la Marekani, lenye kila kitu, limenunua F-5 zilizotumiwa na Uswisi ili ziigize adui kwenye mafunzo ya marubani wake. Zetu nazo zitastaafu siku moja, chuma huchoka, na sipingi kununua mpya. Ila wakati wa kuchagua, nataka sajini fundi wa Nanyuki awe kwenye ule ujumbe unaosafiri kwenda kiwandani, aambiwe afungue paneli kwa mkono wake na atoe injini mbele ya wauzaji. Halafu aulizwe yeye kwanza, kabla ya rubani.