Swichi ya Ami

Pikipiki ya ami ilikuwa na waya nyingi kuliko zile ilizotoka nazo kiwandani. Honda CG125 ya mwaka 1981 haina mahitaji makubwa ya umeme: taa ya mbele na ya nyuma, indiketa nne, honi, swichi ya ufunguo, betri, basi. Lakini nilipolitoa tanki na kulitua sakafuni, chini yake nilikuta waya za simu za mezani, waya za spika, waya nyembamba za kengele ya mlangoni, na kipande cha waya nyeupe ya nyumbani, ile ngumu ya kupitisha ukutani, kimefungwa kwa raba ya tyubu. Kila fundi aliyewahi kuishika aliongeza yake, na hakuna aliyeondoa ya mwenzake.

Ilikuwa mwaka 2011, mwaka wa mgao mkali wa umeme. Mimi nilikuwa natengeneza redio na simu Ngamiani, hapo Tanga mjini, na umeme ukikatika mchana kazi yangu inalala. Ami alikuwa amestaafu usimamizi kwenye shamba la mkonge, na pikipiki aliyouziwa kule kazini ilikuwa imelala bandani uani kwake, Makorora, imefunikwa turubai. Aliniita akaniambia kama naweza kuifufua redio ya mtu, siyo ajabu nikaifufua na Honda.

Siku ya kwanza nilipoingia bandani na begi langu nikamwamkia. "Marahaba," akajibu, halafu akalitazama begi. "Humo mna mkasi?"

"Mna plaizi, ami."

"Basi sikiliza. Fungua unachotaka, pima unachotaka, lakini usinikatie waya hata moja kabla sijajua ni ya nini."

Niliona ni uzee tu. Hamu yangu ilikuwa kuling'oa lile rundo lote asubuhi ile ile na kuanza upya, na kwa mtu mwingine ningefanya hivyo. Kwa ami hufanyi hivyo.

Injini haikutusumbua sana. Silinda ilipelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kuchonga, akaipanua robo milimita, na pistoni ya saizi hiyo nikaipata kwenye duka la spea za bodaboda bila hata kuuliza mara mbili. Sababu yake inafurahisha. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako pikipiki inabeba mzigo kila siku na oili inabadilishwa siku mtu akikumbuka. Vali zake zinasukumwa na vijiti kutoka chini, hakuna cheni ndogo ya kulegea kule juu, na cheni ya gurudumu la nyuma imefunikwa yote isile mchanga. Wachina wakaiona injini ile ni ngumu na rahisi, wakaiga, na bodaboda nyingi za Kichina zilizojaa mitaani mwetu zina injini ya ukoo huo huo. Watu huzicheka. Mimi nazishukuru, maana bila hizo pikipiki ya ami ingekosa ringi, gaskiti, klachi, kila kitu. Vali nikaziachia nafasi ya milimita 0.08 injini ikiwa baridi, nikafunga kifuniko.

Lakini haikuwaka. Nilichomoa plagi, nikairudisha kwenye kofia yake, nikailaza juu ya silinda na kupiga kiki huku mlango wa banda umefungwa ili nione cheche. Giza tupu. Betri haikuwa na lawama, kwa sababu kwenye pikipiki hii cheche inatokana na koili iliyoko ndani ya sumaku, injini ikizunguka tu inajitengenezea. Betri ni ya indiketa na honi.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kazi yenyewe. Waya za Honda zina rangi zenye maana, na ukizijua ni kama umepewa ramani. Kijani ni bodi, yaani njia ya kurudi betri. Nyekundu inatoka betri, nyeusi inapata umeme ukishafungua ufunguo. Indiketa ya kushoto ni rangi ya chungwa, ya kulia ni bluu ya maji. Na kuna nyeusi yenye mstari mweupe, hiyo ndiyo ya kuua injini: ukifunga ufunguo, swichi inaigusanisha na ile ya kijani, umeme wa cheche unakwenda bodi badala ya kwenda kwenye plagi, na injini inazima. Maana yake, hiyo nyeusi yenye mstari ikigusa chuma popote pale, pikipiki itakuwa imezimwa hata kama ufunguo uko wazi.

Nikaichomoa kwenye kiunganishi chake karibu na injini. Nikapiga kiki. Cheche ya bluu, tena nene.

Kwa hiyo adui alikuwa kwenye waya ile, mahali fulani kati ya injini na usukani. Nikaifuata kwa vidole na mita ya kupimia umeme, kila kiungo nikikibandikia kipande cha karatasi chenye namba na kukiandika kwenye daftari. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula vilivyo. Ukivuta plastiki ya waya unakuta shaba ndani imegeuka unga wa kijani, na viunganishi vingine vilibaki mikononi mwangu. Chini ya siti, kwenye nyeusi yenye mstari, nikakuta tawi. Honda hawakuliweka. Lilikuwa ni ile waya nyeupe ya nyumbani, imesokotwa juu yake na kufungwa raba, inashuka kufuata fremu mpaka nyuma ya kifuniko cha pembeni, na njiani ilikuwa imechubuka ikalala moja kwa moja kwenye chuma.

"Ami, hii inakwenda wapi?"

Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anamenya chungwa. Akaacha kumenya. "Ipi?"

"Hii nyeupe."

Kimya kidogo. Halafu akaanza kucheka, cheko la mtu aliyekamatwa. Kule shambani, akasema, vijana wa kambini walikuwa wanaiba pikipiki usiku. Wezi hasa hawakuwa. Walikuwa wanaiazima, wanakwenda nayo ngomani, wanairudisha alfajiri tanki likiwa kavu. Ufunguo wa Honda ile enzi hizo hata msumari uliufungua. Basi akachukua swichi ya taa ya kitandani, ile ya kubonyeza katikati ya waya, akaificha nyuma ya kifuniko. Jioni anaibonyeza, pikipiki inakufa. Vijana wanapiga kiki mpaka wanatoka jasho, wanaisukuma, wanaiacha. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Siku walipoacha kuiiba aliacha kuibonyeza, na miaka ikapita, akaisahau.

Mafundi wote waliokuja baadaye walibadilisha koili na plagi na kuongeza waya, kila mmoja akala hela yake, na pikipiki ikazidi kuwa ngumu kuwaka kadiri ile waya ilivyozidi kuchubuka.

Baada ya hapo ruhusa ya kukata nikaipata. Nililitoa rundo lote, nikanunua waringi nzima ya pikipiki ya Kichina, ambayo kwa sababu ya uigaji wao ina rangi karibu zote zile zile za Honda. Nikairefusha pale ilipopungua na kufupisha ilipozidi. Nilikataa kutumia waya za rangi moja, ingawa ni bei rahisi. Anayekuja baada yangu lazima aisome.

Tatizo lilikuwa volti. Ile ya ami ni ya volti 6, hizi za leo ni 12. Waya hazijali, ila balbu zinajali, na nilipomuulizia muuza spea balbu ya volti 6 alinitazama kama niliyeomba sindano ya gramafoni. Ilipatikana Kariakoo, ikaja na basi. Halafu volti 6 haisamehe kutu: taa ya wati 25 inavuta zaidi ya ampea 4, mara mbili ya ambavyo ingevuta kwenye volti 12, kwa hiyo kiungo kibovu kinakula umeme mwingi kabla haujafika mbele. Ndiyo maana sikusokota kiungo hata kimoja. Nililehemu kila kimoja, na pale waya ya bodi inapofungwa kwenye fremu nikakwangua rangi mpaka chuma king'ae, kisha nikapaka grisi hewa ya chumvi isiingie.

Kulehemu bila umeme kulitupa kazi. Mkewe alikuwa anachoma mihogo, akanipa kona ya jiko, na chuma changu cha zamani chenye kichwa cha shaba kikawa kinapata moto pale kwenye mkaa. Unalehemu viungo viwili, unarudi jikoni. Alisema mihogo yake inanuka risasi, na hakukosea sana.

Iliwaka kwa kiki ya pili. Ami aliipanda mpaka Raskazone na kurudi, akashuka, akaizunguka, akajaribu indiketa zote.

"Na ile swichi yangu?"

"Nimeitoa, ami. Siku hizi kuna kufuli za—"

"Irudishe."

Nikajadiliana naye, nikashindwa. Nikalehemu waya mpya, nzuri, ndani ya bomba la plastiki, nikaiacha ndefu kama alivyoagiza, maana mahali pa kuiweka swichi alisema atapachagua mwenyewe. Kesho yake nilikwenda kuiazima niende Muheza. Akanipa ufunguo bila neno, akaendelea na gazeti lake. Nilipiga kiki mpaka shati likalowa, naye hakuinua macho.